Kitanda cha mtu asiyeamka: dunia ilijifunza vipi kulinda mgonjwa wa koma

DILOLO, Lualaba – Mtu akianguka na pikipiki upande wa Kasaji na kichwa chake kikapiga chini, jamaa wanauliza kwanza atapelekwa wapi. Kolwezi ni zaidi ya kilomita 400 kutoka Dilolo, na barabara wakati wa mvua kila mtu anaijua. Ndiyo maana mara nyingi kitanda cha kwanza anacholazwa ndicho atakachokaa juu yake siku nyingi. Chumbani kuna muuguzi mmoja kwa wagonjwa wengi, na pembeni ya kitanda kuna ndugu aliyekaa juu ya mkeka na beseni yake, thermos yake na kitenge cha kujifunika. Huyo ndiye garde-malade. Mgonjwa amefumba macho, anakoroma, hajibu akiitwa jina. Yuko katika koma.

Kwa familia nyingi neno hilo lina maana moja tu, kungoja. Wazee wanaanza kuulizana kama arudishwe nyumbani. Mama mkubwa anakuja na uji kwa sababu mtoto hajala tangu jana, na hapo ndipo mambo yanapoharibika, kwa mkono wa mtu anayempenda mgonjwa kuliko wote.

Ukifuata historia ya koma kwa miaka 80 hivi iliyopita, utaona kwamba wengi walioamka hawakuamshwa na sindano ya ajabu. Walilindwa vizuri juu ya kitanda mpaka ubongo wenyewe ukapata nafasi ya kupona. Kazi hiyo ya kulinda ilichelewa sana kujulikana, hata katika nchi tajiri, na kila kipande chake kina mwaka wake na mahali pake.

Kwanza ni lazima kuelewa jambo moja ambalo madaktari wanalirudia. Jeraha la kichwa ni mawili. La kwanza linatokea kwa sekunde moja, pale kichwa kinapopiga lami, jiwe au ukuta wa shimo la mgodi. Hilo limeshafanyika, hakuna anayeweza kulifuta. La pili linakuja baadaye, kwa masaa na siku: ubongo unavimba, damu inajikusanya ndani ya fuvu, hewa haifiki vizuri, presha inashuka. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walichapisha hesabu ya wagonjwa 717 wa jeraha kubwa la kichwa. Waliona kwamba presha ya damu ikianguka hata mara moja tu, hatari ya kufa inakaribia kuongezeka mara mbili. Jeraha hilo la pili ndilo linalopiganiwa kitandani.

Zamani watu hawakuwa wajinga kuhusu kichwa. Wagusii wa magharibi ya Kenya walikuwa na wataalamu wao, omobari, ambao walikuwa wakifungua ngozi ya kichwa na kukwangua mfupa wa fuvu kwa vyombo vidogo. Daktari Edward Margetts, aliyefanya kazi Nairobi, aliandika habari zao katikati ya karne iliyopita, wakati kazi hiyo bado ilikuwa hai. Lakini omobari alimtibu hasa mtu aliye macho, anayelalamika kichwa kinamuuma tangu alipopigwa. Mtu aliyelala bila kujibu alikuwa jambo jingine. Hapo Afrika na Ulaya zilikuwa sawa, hakuna aliyejua la kufanya. Waliona mtu amelala, basi wakataka kumuamsha.

Katika hospitali za Ulaya, mpaka miaka ya 1940, koma ilitibiwa kwa dawa kali za kushtua mwili. Ilikuwa hivyo hasa kwa watu waliomeza vidonge vingi vya usingizi, ambao walikuwa wengi sana wakati ule. Waliwachoma kafeini, kafuri, wakati mwingine hata sumu ya strikinini kwa kipimo kidogo, ili moyo na pumzi vishtuke. Mawazo yalikuwa yale yale ya mtu wa leo anayemwagia mgonjwa maji baridi usoni, anayemzaba makofi, au anayemtia pilipili puani. Wote wanaamini mgonjwa yuko karibu, ni kumsukuma kidogo tu arudi.

Mageuzi yalitokea Copenhagen, mji mkuu wa Denmark. Mwaka 1949, katika hospitali ya Bispebjerg, daktari Carl Clemmesen alifungua kituo cha pekee cha kupokea watu waliojisumisha. Pamoja na Eric Nilsson, daktari wa usingizi, walifanya jambo ambalo wenzao waliliona kama uvivu: waliziacha dawa za kushtua. Hawakumsukuma tena mgonjwa aamke. Walifungua njia ya hewa. Walimlaza vizuri asipaliwe na matapishi. Walinyonya makohozi, walimpa oksijeni na maji ya mshipa, walimgeuza ubavu huu na ubavu ule, mchana na usiku, na wakangoja mwili uimalize sumu wenyewe. Vifo ambavyo vilikuwa karibu 20 kwa kila wagonjwa 100 vilishuka mpaka 1 au 2 kwa kila 100.

Namba hiyo inafaa kusomwa mara ya pili. Hakuna dawa mpya iliyogunduliwa Bispebjerg mwaka ule. Kilichoondolewa ni dawa, na kilichoongezwa ni uangalizi. Ni kweli kwamba koma ya vidonge si koma ya ajali. Vidonge vinaisha mwilini, jeraha la ubongo linabaki. Lakini kazi ya kitandani ni ile ile, kwa sababu mtu wa koma, awe amemeza sumu au ameangukiwa na udongo, amepoteza mambo ambayo mtu mzima anayafanya bila kufikiri. Hawezi kukohoa, hawezi kumeza, hawezi kujigeuza, hawezi kusema mkojo umembana. Lazima mtu mwingine ayafanye badala yake.

Miaka mitatu baadaye, katika mji huo huo, ulikuja ugonjwa wa kupooza, polio. Hospitali ya Blegdam ilijaa watoto na vijana ambao misuli ya kupumulia ilikuwa imekufa. Katika wiki za kwanza, wagonjwa 31 waliwekwa kwenye mashine chache za kupumulia za wakati ule, na 27 wakafa. Tarehe 27 Agosti 1952 daktari wa usingizi Bjørn Ibsen aliitwa kwa msichana wa miaka 12, Vivi Ebert, aliyekuwa anakata roho. Walimtoboa shingo, wakaingiza mpira kwenye njia ya hewa, na Ibsen akaanza kumpulizia hewa kwa kuminya mfuko wa mpira kwa mkono. Msichana akaishi.

Mashine za kuwatosha wote hazikuwepo. Hospitali ikaita wanafunzi wa udaktari. Karibu 1,500 walikuja kwa zamu, wakakaa kando ya vitanda na kuminya ile mifuko, mkono mmoja baada ya mwingine, siku baada ya siku, kwa miezi. Masaa yao yote pamoja yalihesabiwa kuwa 165,000. Vifo vilishuka kutoka zaidi ya 80 kwa 100 mpaka chini ya nusu. Mwaka uliofuata Ibsen akafungua chumba cha pekee cha kuwalinda watu wa namna hiyo, ambacho wengi wanakihesabu kuwa mwanzo wa reanimasyo duniani. Leo tukisikia neno hilo tunafikiria waya na taa. Lilianza na vijana waliokaa kwenye viti, usiku, wakiminya mpira.

Kuna sehemu nyingine ya kazi hii ambayo haikutoka kwa wagonjwa wa koma kabisa, na mtu wake anastahili kujulikana na familia zilizohama makwao. Ludwig Guttmann alikuwa daktari Myahudi wa Ujerumani. Mwaka 1939 alikimbia na familia yake, akafika Uingereza kama mkimbizi. Tarehe 1 Februari 1944 alipewa wodi katika hospitali ya Stoke Mandeville kwa ajili ya askari waliovunjika uti wa mgongo. Hakuna daktari mwingi aliyeitaka kazi hiyo. Watu wa namna ile walikuwa wanakufa ndani ya miezi au miaka michache, na waliowaua hawakuwa risasi tena bali vidonda vya kulala na mkojo ulioingia wadudu.

Guttmann hakukubali kwamba vidonda ni sehemu ya ugonjwa. Alisema ni kosa la kitanda. Akaagiza kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na yeye mwenyewe alikuwa akipita wodini usiku kuhakikisha. Vidonda vikapona, wagonjwa wakaishi, na mwaka 1948 akawaandalia michezo ambayo ilikua mpaka ikawa Paralimpiki. Ile saa mbili imebaki katika vitabu vya uuguzi mpaka leo, na kwa mgonjwa wa koma ina thamani kuliko sindano nyingi. Ngozi ya kisigino, ya nyonga, ya chini ya mgongo na ya nyuma ya kichwa ikilaliwa muda mrefu bila damu kupita, inakufa. Kidonda kinafunguka, wadudu wanaingia, homa inapanda, na mtu ambaye ubongo wake ulikuwa umeanza kupona anakufa kwa kidonda cha kiuno.

Mpaka hapo dunia ilikuwa imejifunza kulinda hewa na ngozi. Bado haikujua kusema mgonjwa anaendeleaje. Daktari mmoja aliandika "amelala sana", mwingine "nusu koma", mwingine "amezubaa", na wa zamu ya usiku hakujua kama maneno hayo yana maana moja. Kama hali ilibadilika, hakuna aliyeiona mpaka muda umekwisha.

Jibu lilitoka Glasgow, Scotland, mwaka 1974. Graham Teasdale na Bryan Jennett walichapisha kipimo ambacho hakihitaji mashine wala umeme. Kinahitaji mtu wa kutazama na karatasi. Wanatazama mambo matatu. Macho: yanafunguka yenyewe, yanafunguka akiitwa, yanafunguka akiminywa, au hayafunguki. Hizo ni alama 4 mpaka 1. Maneno: anajibu sawasawa, anajibu akichanganya, anatoa maneno yasiyofuatana, anatoa milio tu, au yuko kimya, alama 5 mpaka 1. Mwendo wa mikono na miguu: anatii akiambiwa "inua mkono", anapeleka mkono mahali anapominywa, anauvuta mkono kukwepa, anaukunja bila mpango, anaunyoosha kwa kukakamaa, au hakuna kitu, alama 6 mpaka 1. Mtu mzima aliye macho ana 15. Aliye chini kabisa ana 3. Akiwa na 8 au chini ya hapo, anahesabiwa kuwa katika koma.

Waliitengeneza kwa makusudi ili muuguzi na daktari kijana, popote alipo, wapate namba ile ile. Na kinachojali si namba ya leo peke yake. Mtu aliyekuwa na 12 asubuhi na sasa ana 9 yuko hatarini kuliko yule aliyekaa kwenye 9 tangu jana, kwa sababu wa kwanza anateremka. Labda damu inajikusanya ndani ya fuvu, na kama kuna njia ya kumpeleka kwa daktari wa upasuaji, ni saa hiyo, si kesho.

Watoto wadogo hawawezi kujibu maswali, kwa hiyo kipimo hicho kiliwashinda. Waliokitafutia njia walikuwa Blantyre, Malawi, si mbali sana na Katanga. Mwaka 1989 Malcolm Molyneux, Terrie Taylor na wenzao walichapisha kazi yao juu ya watoto 131 waliokuwa katika koma ya malaria. Katika kipimo chao, kuanzia 0 mpaka 5, sauti ya kilio cha mtoto inahesabiwa badala ya maneno, na macho yake yanatazamwa kama yanafuata uso wa mama. Kwa eneo la malaria kama Dilolo kipimo hicho kina kazi kila msimu wa mvua.

Timu ya Glasgow ilitoa onyo jingine mwaka 1975, na hilo linawahusu zaidi vijana wa pikipiki. Walichunguza wagonjwa waliokufa kwa jeraha la kichwa ingawa baada ya ajali walikuwa wamesema. Mtu ameanguka, amesimama, amejipangusa vumbi, amesema "mimi mzima", amekwenda kulala nyumbani. Wengi wa watu hao ubongo wao haukuwa umeharibika kiasi cha kuua. Waliuawa na kilichofuata, damu iliyoongezeka polepole. Aliyesema baada ya ajali alikuwa na nafasi ya kuokolewa. Ndiyo maana mtu aliyepoteza fahamu hata dakika chache haachwi alale peke yake usiku ule. Anaamshwa mara kwa mara na kuulizwa maswali, na akitapika tena na tena, akisinzia kupita kawaida, akipata kifafa, au mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, hospitali mara moja.

Halafu kuna habari ya dexa. Kwa miaka zaidi ya 30 madaktari duniani kote waliwachoma wagonjwa wa kichwa dawa za kundi la kotikosteroidi, ambalo ndani yake kuna deksametazoni inayojulikana katika kila duka la dawa la Lualaba. Mawazo yalikuwa mazuri: dawa inapunguza uvimbe, ubongo umevimba, basi tuchome. Hakuna aliyekuwa na hakika. Utafiti mkubwa ulioitwa CRASH ukachukua wagonjwa 10,008 katika nchi 49, nusu wakapewa dawa ya kundi hilo, nusu wakapewa maji yasiyo na dawa. Ulisimamishwa kabla ya wakati, na majibu yakatoka mwaka 2004. Ndani ya wiki mbili, waliochomwa dawa walikufa 21 kwa 100. Wasiochomwa, 18 kwa 100. Kwa ugonjwa mwingine dawa hiyo inaokoa. Kwa kichwa kilichopigwa, iliua. Familia inayouza mbuzi kununua dexa kwa ajili ya jeraha la kichwa ina haki ya kumuuliza daktari kwa heshima, inafanya kazi gani hapa?

Kwa wanaoona aibu kwamba hapa hakuna vyombo, utafiti wa mwaka 2012 una neno. Ulifanyika Bolivia na Ecuador, nchi zisizo tajiri, kwa wagonjwa 324 wa jeraha kubwa la kichwa. Wengine walitobolewa fuvu na kuwekewa chombo cha kupima msukumo ndani ya ubongo, kama inavyofanyika Ulaya. Wengine walifuatwa kwa kutazamwa kitandani na kwa picha za skana. Matokeo hayakutofautiana. Lazima kusema ukweli wote: hospitali zile zilikuwa na skana na vyumba vya wagonjwa mahututi, vitu ambavyo kitanda cha Dilolo hakina. Utafiti huo hauwapi wakubwa ruhusa ya kuiacha Dilolo bila vyombo. Ila unaonyesha kwamba jicho lililofundishwa lina uzito wake.

Wasikilizaji wanauliza sana kama mgonjwa anasikia. Kwa muda mrefu jibu la waganga lilikuwa la kukatisha tamaa. Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake, Uingereza, walimweka ndani ya mashine ya picha za ubongo mwanamke wa miaka 23 ambaye tangu ajali ya gari, miezi mitano nyuma, hakuwa amejibu kitu. Wakamwambia afikirie anacheza tenisi. Sehemu za ubongo zilizowaka ni zile zile zinazowaka kwa mtu mzima akifikiria hivyo. Alikuwa anasikia na kutii, ila mwili haukuweza kuonyesha. Mwaka 2024 kundi la watafiti wa nchi kadhaa lilitangaza kwamba kati ya wagonjwa 241 wasioonyesha jibu lolote kwa macho ya waganga, 60 walikuwa na ubongo unaojibu. Ni mmoja katika kila wanne.

Hii haina maana kwamba kila mmoja wao ataamka. Lakini inabadilisha mazungumzo yanayofaa kufanyika kando ya kitanda. Kugawana mali yake juu ya kichwa chake, kubishana nani amemroga, kusema "huyu amekwisha", ni bora yafanyike nje chini ya mwembe kama ni lazima yafanyike. Mwaka 2015 watafiti wa Chicago wakiongozwa na Theresa Pape walitoa majibu ya jaribio dogo, la wagonjwa 15 tu. Familia zilirekodi kwa sauti zao habari ambazo mgonjwa anazijua, akawekewa kusikiliza mara nne kwa siku kwa wiki sita. Waliosikia sauti za nyumbani walionyesha maendeleo kuliko waliosikia ukimya. Watu 15 ni wachache, hakuna wa kuapa juu yake. Lakini sauti ya shangazi katika simu, kwa Kichokwe, kwa Kilunda au kwa Kiswahili, hailipiwi hospitali.

Lualaba haikosi wagonjwa wa namna hii. Tarehe 27 Juni 2019 udongo uliporomoka kwenye mgodi karibu na Kolwezi na kuua wachimbaji zaidi ya 40. Tarehe 10 Machi 2022, kule Buyofwe katika wilaya ya Lubudi, treni ya mizigo iliyobeba watu juu yake iliacha reli, na waliokufa walipita 70. Habari za siku ile zinahesabu maiti. Hazifuati waliobaki vitandani, na ajali za pikipiki za kila wiki hazifiki hata kwenye habari.

Katika pande hizi daktari ndiye mtu wa kwanza kukosekana mambo yakiharibika. Machi 1977, vita ya Shaba ilipoingia kutoka Angola, Dilolo, Kisenge na Kapanga zilianguka ndani ya siku chache. Katika vita hiyo daktari Glen Eschtruth, Mmarekani wa misheni ya Kimethodisti huko Kapanga, aliuawa. Reli ya Benguela, iliyounganishwa na ya Katanga mwaka 1931, ilikuwa imekatwa na vita ya Angola tangu 1975. Mtu ambaye wakati wa vita hana daktari wala treni anabaki na muuguzi na ndugu yake. Kwa hiyo kumfundisha ndugu si jambo la kuongeza baadaye pesa zikipatikana. Ni kazi ya siku ya kwanza, na mara nyingi haifanyiki: garde-malade anatumwa kununua glovu na maji ya mshipa, hakuna anayemwambia afanye nini na mikono yake.

Kinachofaa aambiwe ni kidogo. Mgonjwa asiyejibu halishwi kwa mdomo hata kijiko kimoja, si uji, si maji, si chai, kwa sababu kinachoingia kinakwenda mapafuni na nimonia inamaliza kazi. Chakula chake kinapita katika mpira wa puani, ile sonde, ambao muuguzi ndiye anayeuingiza na kuhakikisha uko tumboni kabla ya kila mlo. Kichwa cha kitanda kinainuliwa kiasi, kama nyuzi 30, hata kwa matofali chini ya miguu ya kitanda. Ila kama presha iko chini au mgongo unashukiwa kuvunjika, muuguzi ndiye anayeamua. Mdomo unasafishwa kwa kitambaa chenye maji mara kadhaa kwa siku. Macho yasiyofumba yanafunikwa yasikauke. Viungo vinakunjwa na kunyooshwa polepole visikakamae. Na kumgeuza, ile saa mbili ya Guttmann, kunafanywa na watu wawili au watatu, kichwa, shingo na mgongo vikienda pamoja kama gogo, kwa kuwa aliyeumia kichwa huenda ameumia na shingo. Kama ni lazima asafirishwe Kolwezi, asifungwe juu ya pikipiki katikati ya watu wawili. Anahitaji ubao wa kulalia, shingo iliyozuiwa isitikisike, na mtu wa kutazama pumzi yake njia nzima.

Mzigo huu si sawa kwa wote. Mwenyeji wa Dilolo ana dada, wakwe, watu wa kanisa, wa kubadilishana naye. Familia iliyofukuzwa Angola mwaka 2018, au iliyokimbia kutoka Kasai, mara nyingi ina mtu mmoja tu wa kukaa hospitalini, na mtu mmoja hawezi kugeuza mgonjwa kila saa mbili kwa siku kumi. Copenhagen ilihitaji wanafunzi 1,500. Katika wodi ya watu wasiofahamiana njia iliyobaki ni garde-malade wa kitanda cha tatu kumsaidia wa kitanda cha tano, na wa tano kumsaidia wa tatu, na mkuu wa wauguzi kulipanga jambo hilo kwa sauti badala ya kuliacha kwa bahati.

Na daftari. La shule, la mistari, linatosha. Saa, ubavu aliolalia, macho, maneno, mikono, mkojo, homa. Ndugu anayejua kuandika anajaza pamoja na muuguzi mchana, peke yake usiku. Asubuhi zamu mpya ikikuta kwamba saa nne za usiku alikuwa anavuta mkono akiminywa na saa kumi alfajiri anaukunja tu, daktari haamshwi kwa maneno ya "amelala sana". Anaamshwa kwa namba.